Suruali Nyeupe ya Shangazi

Kwenye shamba la ngano walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja kati ya vibarua wale. Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kufukuza kwelea, vile vindege vinavyotua kwa maelfu na kuacha masuke matupu. Wenzake walivaa matambara. Yeye alikuja kila asubuhi na suruali nyeupe pe, imepigwa pasi, na msimamizi mpya alidhani ni maringo tu.

"Shangazi, unaenda harusini au shambani?"

"Wewe tazama juu, mwanangu. Mimi nitatazama magoti yangu," alimjibu, akaingia kwenye ngano akipiga debe lake.

Siku hiyo kwelea hawakutokea, na msimamizi akasema leo tumepona. Shangazi alipotoka upande wa pili wa shamba, alimwonyesha suruali. Magotini ilikuwa imejaa vumbi la rangi ya chungwa, kama ametoka kusugua mabati mabovu. Ilikuwa kutu ya ngano, kuvu inayokula majani kimyakimya.

"Kwelea ni mwizi anayepiga hodi," alisema. "Huyu hapigi. Ukisubiri umwone kwa mbali, ameshamaliza kula."

Dawa ilinyunyizwa jioni ileile, na ngano ikapona.

Msimu uliofuata msimamizi alifika akiwa na suruali nyeupe, akijikausha kama hakuna jipya. Shangazi alimkagua kuanzia kiunoni hadi miguuni.

"Rudi ukaipige pasi, mwanangu. Kutu hujificha kwenye mikunjo."