Mguu wa Klachi

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, fundi cherehani hapa Kongowe ya Kibaha, na jirani yangu Bi Zuwena ni Mzaramo wa Chole, kule Kisarawe. Kwa hiyo ni mtani wangu. Nimewahi kumwambia kwamba kwao ngoma haiishi mpaka mbuzi wachoke, naye akanijibu kwamba babu zangu walibeba mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka pwani, ndiyo maana shingo yangu fupi. Hatukasirikiani. Nayasema haya mapema ili nisije nikaonekana sina adabu huko mbele.

Bi Zuwena aliendesha lori la ng'ombe miaka ishirini na mbili. Aliwapakia Magindu, akawashusha mnadani Pugu, akarudi kuchukua wengine. Masika ile njia ya Magindu ni tope tupu, na wanaume ambao magari yao yamezama walikuwa wakisimama pembeni kumtazama yeye akipita. Mimi nilipanda naye mara moja tu na nusu ya safari nilifumba macho. Halafu sukari ikamwandama. Kidonda cha kidole kikapanda juu, na mwaka juzi wakamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Nilipokwenda kumwona wodini, neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Mtani, wamechukua mguu wa klachi."

Kilichomuumiza zaidi baada ya hapo ni kwamba watu waliacha kumwita dereva. Akawa yule mama mgonjwa, yule mama wa magongo. Waliokuja kumjulia hali walizungumza naye kwa sauti ya chini, utadhani wako msibani na marehemu ni yeye. Akaacha kutoka nje. Sanduku lake la spana akalisukuma uvunguni, akaniambia nikipata mtu anayelihitaji nimpe, maana dereva ni mtu anayeendesha na yeye haendeshi. Nilikasirika sana siku hiyo. Nilikasirika kwa sababu sikuwa na la kumjibu.

Jibu lilikuja ndani ya mfuko wa salfeti. Lililetwa na Firdausi, binti wa kaka yake, ambaye ni fundi wa mitambo ya simu Dar na kila mwisho wa wiki anakutana na wenzake kushindanisha magari ya rimoti.

"Shikamoo shangazi," alisema. "Hiki kimenishinda. Kimekatika huku na huku. Ukipata nafasi kitazame."

"Marahaba. Mimi nina nafasi tu, mwanangu. Kitu gani hiki?"

Kilikuwa kigari cha mbio, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, matairi yake yametanuka nje. Nilicheka. Nikamuuliza mtani kama sasa atanunuliwa mdoli pia. Bi Zuwena alikuwa ameshaanza kufungua bodi. Ilipotoka, kicheko changu kikaniishia.

Ndani kulikuwa na gari, gari kamili. Mota ilikaa katikati, ikatoa propela, ule mtaimbo unaozungusha matairi, moja kwenda mbele na nyingine kwenda nyuma, ili matairi yote manne yavute. Kulikuwa na difu tatu za kugawa nguvu kwa matairi, kila moja kubwa kama ndimu, na ndani yake meno madogo yaliyooga mafuta. Kila tairi lilikuwa na mkono wake, springi yake na shokapu yake. Nimeshona tangu ujana wangu nikidhani vitu vidogo navijua mimi. Nilisogeza kiti karibu na nikanyamaza kabisa, jambo ambalo mke wangu hajawahi kuliona.

"Sanduku," alisema Bi Zuwena, amenyoosha mkono bila kunitazama.

Nikalivuta kutoka uvunguni. Spana zake zote zilikuwa kubwa mno, ndogo kuliko zote ingeweza kukifunika kile kigari nusu. Tulicheka mpaka machozi, halafu nikaenda kuleta bisibisi za cherehani yangu.

Kazi ile ilichukua miezi miwili. Propela za plastiki zilizokatika akazitupa, Firdausi akamletea za chuma. Giya ya mota akaibadilisha akaweka ndogo zaidi, kigari kikapoteza mbio kidogo lakini kikapata nguvu ya kutoka kwenye kona. Difu akazifungua moja moja, akazijaza mafuta mazito mbele na mepesi nyuma, na alinieleza sababu mara tatu bila mimi kuielewa. Matairi yalikuwa yanabonyea, kwa hiyo tukayajaza sponji ninazoweka kwenye mabega ya makoti. Mafuta ya cherehani tulijaribu kuyatia kwenye shokapu, yakala mipira, na hilo lilikuwa wazo langu. Nilitukanwa ipasavyo.

Nikuambie kilichonishangaza kuliko vyote. Mikono ile ya mtani ilikuwa inashinda inachomoa nyuzi za kanga, haina kazi. Sasa ilikuwa inashika skrubu ndogo kama punje ya mchele, na haitetemeki. Ilikuwa mikono ya mtu mwingine, au tuseme ya yule yule niliyemkosa miaka miwili.

Tulipokwenda kukijaribu kiwanjani, kilipinduka. Rimoti yake ina usukani mdogo pembeni na kifyatulio cha kuongeza mwendo, havihitaji mguu, na Bi Zuwena aliviweza siku ya kwanza tu. Lakini kila akiingia kona, kigari kinainama, kinasimama kwa matairi mawili, kinalala chali. Akarudi, akakaza, akaongeza. Kikapinduka zaidi. Majirani waliokuja kutazama wakasema, "Unajitahidi mama, hongera." Hata Firdausi alisema hivyo. Baadaye alikiri kwangu kwamba kosa aliliona tangu mwanzo, ila alishindwa kumsahihisha shangazi yake, tena katika hali ile.

Mashindano ya kina Firdausi yalikuwa Kisarawe, wiki iliyofuata, na Bi Zuwena alikuwa ameamua kukiendesha mwenyewe. Bi Zuwena alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kigari mapajani.

"Kisarawe ndiyo nafasi yangu ya mwisho," aliniambia. "Nikimaliza mbio pale, mimi ni dereva. Nikishindwa, sanduku lile lichukue wewe, na usinifariji."

Nikakitazama kile kigari. Kilikuwa kimesimama juu kama mbuni. Chini ya kila springi alikuwa ameongeza vipande vya ndala, akazikaza mpaka hazibonyei hata ukikikandamiza kwa kiganja. Mimi si fundi wa magari, lakini ile sura niliijua. Malori yote ya Magindu yako hivyo, yameongezwa maspringi na kuinuliwa ili yabebe.

"Mtani," nikasema, "ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani?"

"Hao uliowawekea hizo springi. Nauliza wako wapi. Au wewe umekatwa mguu, wakakukata na akili?"

Majirani walishtuka. Mama mmoja alinikemea, akasema hiyo ni dhambi. Bi Zuwena alinikazia macho, akakitazama kigari, akakibonyeza kwa vidole viwili. Hakikubonyea. Halafu akaanza kucheka polepole, akajipiga paji la uso.

"Miaka ishirini na mbili," alisema. "Kitu hakina mzigo hata wa panzi, mimi nimekifungia ng'ombe kumi na nane. Lete bisibisi, mshenzi wewe!"

Ndala zikatoka zote. Akalegeza springi, akakishusha mpaka tumbo lake likabaki na nafasi ya upana wa vidole viwili kutoka ardhini, tukapima kwa utepe wangu. Kisha akakiinua usawa wa goti, akakiachia. Hakikuruka. Kilitua, kikazama, kikainuka mara moja na kutulia, kama mtu anayeketi mkekani. Alirudia kukiangusha mara nne na kila mara tulitazamana. Niliona vinyweleo vya mkono wangu vimesimama, kwa kitu cha plastiki.

Kisarawe walikuwa wamechonga njia ya udongo mwekundu yenye kona, matuta na mruko mmoja mrefu. Msimamizi, kijana mpole aitwaye Didas, alimwuliza Firdausi, "Dereva ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Bi Zuwena.

Didas akaandika, kisha akakimbilia kumletea kiti, akamkaribisha kwa ile sauti ya msibani. Bi Zuwena hakukikalia. Madereva wanasimama juu ya jukwaa la mbao ili waone njia yote, naye akapanda ngazi kinyumenyume akiwa amekaa, ngazi moja baada ya nyingine, magongo nimemshikia mimi, na huko juu akaegemea ukingo wa mbao.

Mizunguko kumi. Siwezi kuisimulia yote kwa sababu nyingine sikupumua. Kwenye kona kigari kililala chini, kikang'ata udongo, kikatoka kimenyooka. Kwenye mruko kilikaa hewani mpaka nikaona mwanga chini yake, kikatua kwa matairi yote manne na kuondoka bila kuyumba. Nilimtazama Bi Zuwena. Uso ulikuwa ule ule wa njia ya Magindu wakati wa masika. Magari tisa yalianza, yeye akamaliza wa sita, hakupinduka hata mara moja.

Wana desturi yao pale: waliomaliza mbio ndio wanaosimama kwenye kona za kundi linalofuata, kuinua magari yanayopinduka. Hakuna anayesamehewa. Didas akatangaza kwa kipaza sauti, "Madereva wote wa kundi la kwanza, uwanjani!" Kisha akamwona Bi Zuwena akishuka jukwaani, akashusha kipaza sauti.

"Mama, wewe pumzika tu. Tutaweka mtu mwingine."

"Umesema madereva wote?"

"Ndiyo mama, lakini wewe..."

"Mimi ni nani?"

Didas akaitazama karatasi aliyoandika. "Dereva."

"Basi nipe kona."

Akampa ya tatu, karibu na mruko, ambako ndiko yanakopinduka mengi. Nilitaka kwenda naye, akaniambia nikae. Alisimama pale juani, mguu mmoja na magongo mawili. Kwenye mzunguko wa pili gari jekundu likabingirika, likalala chali mbele yake. Akaegemea gongo moja, la pili akalipenyeza chini ya gari kwa ncha, akalibinua. Likasimama kwa matairi yake na kuondoka.

"Asante, dereva!" mwenye gari akapaza sauti kutoka jukwaani, macho kwenye gari lake. Hakumjua, na hakuwa akimwonea huruma mtu.

Mimi nililia, na sioni aibu kulisema hilo. Tuliporudi Kongowe nilimwambia nimekuja kuchukua sanduku langu la spana kama alivyoahidi. Alinirushia gongo.