Picha Tuliyoiacha Katikati

Nakumbuka Jumatano moja ya miaka ile ya foleni za sukari, mwanangu, nilimvuta shoga yangu Zuhura mkono tukatoka sinema kabla picha haijaisha. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Wakati ule Jumatano alasiri ilikuwa zamu ya wanawake watupu. Tulikwenda kwa miguu kutoka Kariakoo hadi mjini, karanga tumezifunga kwenye pindo la kanga. Na hakimu wa picha nilikuwa mimi. Nilisoma mpaka darasa la nane, Kiingereza nakiokotaokota, basi kesho yake naisimulia foleni nzima ya duka la ushirika. Nikisema nzuri, Jumatano ya pili ukumbi unajaa. Nikisema mbaya, haendi mtu. Kichwa kilinivimba, usiniulize!

Zuhura tulipanga naye nyumba moja, chumba chake kinatazamana na changu. Alikuwa amezika mtoto wa miezi minne, arobaini imepita juzijuzi. Mimi ndiye niliyembembeleza twende, akacheke kidogo.

Lo! Picha yenyewe haikuwa na jini wala damu. Mwanamke yuko ndani ya nyumba, anasikia mtoto analia ndani ya ukuta. Anapapasa ukuta, anaweka sikio. Mumewe hasikii, daktari hasikii. Na sisi tuliokaa, mara tunakisikia kile kilio, mara hatukisikii, mpaka hujui masikio ya nani ndiyo mabovu.

Niliogopa, mwanangu. Na mimi nikiogopa hucheka. Nikapiga kelele, "Mwehu huyo, mfungeni kamba!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Zuhura hakucheka. Alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, machozi yanamtoka, hayafuti.

"Inuka twende," nikamwambia, "picha ya wendawazimu hii."

"Ngoja, shoga. Tuone kama watamwamini."

Nikamvuta.

Tulipofika Mnazi Mmoja akaniambia taratibu, "Yule si mwehu. Ndivyo inavyokuwa." Akaniomba Jumatano ijayo turudi tuione mpaka mwisho, maana peke yake anaogopa. Nikamjibu mimi uchuro siurudii.

Kesho yake kwenye foleni nikaichambua ile picha, nikaigiza yule mwanamke anavyopapasa ukuta. Watu wakacheka, nami nikanogewa, nikaongeza na Zuhura anavyolia. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Nilipogeuka nilimwona, yuko nyuma yangu watu sita hivi, ameshika kapu lake. Alitoka kwenye foleni akaenda zake bila sukari.

Jumatano iliyofuata haikwenda hata kanga moja. Picha ikaondolewa, na haikurudi tena mjini.

Toka siku ile Zuhura hakusema tena na mtu. Masika ilipoingia wakamkuta bonde la Jangwani, maji kiunoni, anamwita mtoto. Mumewe akamrudisha kwao Kilwa. Bi Tatu, mwenye nyumba wetu, akaniita uani. Mama yule hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Picha umeiona nusu, ukaihukumu," akasema. "Na mwenzio umemwona nusu, ukamhukumu vilevile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."



Ilinichukua miaka miwili kupata moyo wa kwenda Kilwa kumwomba radhi. Nilimkuta barazani anachagua mchele, amekonda, mvi zimemwahi. Nikalia, nikasema yote. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, mimi ambaye sikumpa hata robo ya subira hiyo. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Ile picha iliishaje? Walimwamini?"

Sikujua, mwanangu. Nikamwambia sijui. Akainamia ungo wake, akaendelea kuchagua. Alifariki kabla ya Idi, na mimi mpaka leo sijui iliishaje.

Sasa nyinyi mnatazama picha kwenye simu, dakika mbili mmeshaitukana. Sikukatazi kusema picha mbaya. Mbaya ni mbaya, na mimi bado nina mdomo wangu. Lakini ikikutisha, usikimbilie kucheka. Kaa uione mpaka mwisho ndipo useme. Na kabla hujasema, mtazame aliyekaa ubavuni mwako, huenda unayemcheka mle pichani ni yeye. Mtu akikwambia anasikia kilio usichokisikia wewe, mwambie kwanza, "Nakuamini, nieleze." Maneno mengine yatafuata. Mimi nilikuwa nayo maneno hayo, nikayabana.

Mungu akupe masikio ya subira, mwanangu. Akuepushe na kicheko kama changu cha siku ile. Na ukimshika mwenzio mkono, akujaalie iwe kwa kukaa naye mpaka mwisho. Amina.