Saruji Juu ya Kauri

Hasira yangu haijaisha, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Shangazi yangu husafisha kauri, wale konokono wa baharini wenye gamba la mviringo, lenye madoadoa, linaloteleza kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Watengeneza mikufu ndio wanaomletea. Konokono akiwa hai hulifunika gamba kwa nyama yake mwenyewe, ndiyo maana linang'aa bila kupakwa kitu. Akishakufa, kazi ni kuitoa nyama bila kuuharibu mng'ao. Wenye haraka huchemsha, gamba linafifia. Shangazi huzifukia uani, kwenye udongo mkavu, akawaachia sisimizi. Uvundo wake usiseme! Jirani hufunga madirisha, yeye anakunywa chai palepale, miguu ameinyoosha. Tangu afiwe na mume, kazi hiyo ndiyo iliyomlea na kumsomesha binamu yangu, mwanawe wa pekee.

Basi alipolazwa kwa upasuaji wa jicho, binamu, bwana mkubwa huyo, akaja na mafundi. Akasakafia ua wote, kona hadi kona. Eti zawadi! Mzigo mzima wa kauri ulikuwa bado umefukiwa chini, na mtu aliyekulia juu ya uvundo ule hakujisumbua hata kuuliza.

Shangazi alirudi na bandeji jichoni. Akasimama mlango wa uani, akaduwaa.

"Mama, sasa utapumzika," binamu akasema, anachekelea.

"Kauri zangu ziko wapi?"

"Achana nazo bwana, mama. Wenzangu wananicheka, wanasema kwetu kunanuka."

Kumbe! Damu ilinichemka. Mapumziko ya mama yalikuwa kisingizio tu, shida ni pua za rafiki zake.

Shangazi alimpita. Alitoa mtaimbo nyuma ya mlango, akaanza kuigonga sakafu.

"Shangazi, jicho jamani!"

"We mtoto, lete ndoo."

Nikaleta. Tulivunja kwa zamu mpaka tukazifikia. Kauri zilitoka zimegandamana na saruji, nyeupe, zimechakaa, hata moja haikung'aa. Nilitaka kumrushia binamu ndoo nzima usoni. Alikuwa amenywea pale ukutani.

"Basi, mama. Si zimeshaharibika? Acha."

"Hizi zimeharibika," shangazi akasema, anahema. "Za wiki ijayo nitazifukia wapi? Kitandani kwako?"

Akaendelea kuvunja, hata pale ambapo hakukuwa na kitu chini ila udongo.