Spika wa Kiwanda cha Zamani

"Suruali yako tayari, mwanangu! Shuka!"

Sauti inapanda ghorofa tatu bila lifti. Ni saa mbili asubuhi, na mama fundi cherehani aliyebatizwa jina la Spika anajiziba mdomo kwa kiganja. Amesahau tena.

Msimlaumu. Miaka kumi na tisa alifuma vitambaa humu humu, jengo lilipokuwa kiwanda na mashine mia mbili zikinguruma kwa pamoja. Ukitaka kusikika, upige kelele au uongee kwa mikono. Kiwanda kikafungwa. Sasa juu wanakaa watu, chini ni maduka, na meza ya Spika iko palepale ilipokuwa mashine yake. Matundu ya boliti yangalipo sakafuni, na kila mteja lazima aonyeshwe.

Mwaka jana sauti hiyo nusura imponze. Muuguzi wa ghorofa ya pili, anayefanya zamu za usiku na kulala mchana, alilalamika. Kamati ya jengo ikampa Spika miezi mitatu: apunguze sauti au ahame.

"Nililia, jamani," anasema. "Nitolewe mara mbili mahali pamoja?"

Ndipo akaikumbuka mikono. Akawafundisha majirani ishara za kiwandani: ngumi mbili zikigongana, kazi tayari; vidole viwili vikiachana, uzi umekatika; vikishikana, uzi umeungwa. Watoto walidaka upesi. Mwanafunzi mzito kuliko wote alikuwa muuguzi mwenyewe, aliyekuja kwa aibu na kuchanganya kila kitu.

Siku kamati ilipokaa kuamua, Spika alibaki uani. Muuguzi akatoka kikaoni, akatokea roshani. Vidole vyake viwili vikaachana.

"Moyo wangu, paa! Nikaanza kukunja vitambaa," anasimulia, akicheka hadi machozi.

"Siyo hivyo, mama!" muuguzi alipiga ukelele kutoka juu. "Nimekosea! Umeungwa! Umeungwa!"

Ua mzima ulisikia.

Mkataba mpya ni wa miaka mitano. Spika anapanga kuongeza cherehani mbili na kuwaita wafumaji wenzake wawili wa zamani.

Nao wana sauti kama yake?

"Hao? Kwao mimi ndiye bubu!"

Kisha anainua macho. Sare ya muuguzi imekwisha kushonwa, lakini pazia la ghorofa ya pili bado limefungwa. Spika anagonga ngumi zake mbili polepole, zisitoe mlio, na kungoja mwenyewe aamke.