Besi ya Gari la Mume Wangu

Fundi wa Kihanga aliifunga sabufa nyuma ya kiti cha abiria, akaweka amplifaya pembeni yake, akairekebisha vizuri kiasi kwamba vioo vya gari vilikuwa vinatetemeka. Mume wangu alimshukuru, akaja nayo nyumbani, na kabla hajamaliza uji akasema, "Haina besi."

Niliona ni maneno ya mtu aliyechoka. Alikuwa akibeba abiria kwenda na kurudi Murongo, mpakani, siku zote isipokuwa Jumapili, na barabara ile ina vumbi la kumtoa mtu roho. Lakini Jumapili iliyofuata tulipotoka kanisani, hata koti hajavua, aliniita garini kando ya kibanja, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba. Akanipa bisibisi ndogo.

"Kaa huko nyuma. Nitakuonyesha pa kuzungusha."

Amplifaya ina matundu madogo yenye skrubu ndani. Moja ni ya nguvu ya sauti, nyingine ya kuchuja sauti nyembamba zisiingie kwenye sabufa, ya mwisho ya kuongeza besi. Alinieleza zote, mimi mkulima wa kahawa, kwa subira ambayo hakuwa nayo siku nyingine. Kisha akapandisha redio. Ilikuwa kwaya. Nikazungusha ile ya nguvu kidogo.

"Ongeza."

Nikaongeza. Kuku waliokuwa wamejilaza chini ya gari wakatimka.

"Ongeza, mama watoto."

Sabufa ikaanza kukwaruza, kama mtu anaburuta bati juu ya mawe. Yeye alikuwa ameinama, kiganja juu ya boksi, macho ameyafumba, anatabasamu.

"Inakwaruza, baba watoto! Tutaiunguza!"

Akafumbua macho, akanitazama mdomoni. "Nini?"

Nikaamua kuanza upya, jinsi alivyonielekeza mwenyewe: kushusha mpaka mwisho, halafu kupanda polepole. Nikairudisha ile skrubu nyuma mpaka ikagoma. Sabufa ikanyamaza. Kwaya ikabaki inaimba kwa nguvu kwenye spika za milangoni, karibu kabisa na sikio lake, sauti za akina mama zinapasua hewa.

"Mbona umezima redio?" akauliza.

"Sijazima," nikasema. Akaendelea kunitazama, kama mtu anayengoja jibu.

Majirani walikuwa wameanza kusema ana maringo, kwamba watu wanamsalimia naye anapita tu. Abiria walilalamika kuwa anawapitisha vituo vyao mpaka wampige bega. Nami nyumbani nilikuwa narudia kila neno, nikidhani ananidharau.

Nilimshika kidevu, nikamwambia usoni kwamba watu walikuwa bado wanaimba. Akazima gari. Akasema masikio yake yanalia kama nyenze tangu alipolazwa kwa homa, na tangu hapo vitu vimekuwa vikiondoka. Kwanza ndege, halafu simu, halafu sauti yangu.

"Besi naisikia kifuani," akasema. "Ikiwepo, sijioni kama nimezikwa. Usimwambie mtu."

Nilimsihi aende hospitali. Akasema baada ya msimu wa kahawa. Basi nikaanza kusafiri naye, nikikaa kiti cha mbele, nikisikiliza kwa niaba yake.

Siku moja tukitoka Murongo, gari limejaa, tulikuwa tunateremka mlima niliposikia honi nyuma yetu, ndefu, haikatiki. Lori lilikuwa linakuja bila breki. Abiria wakapiga kelele, "Pisha! Dereva, pisha!" Besi ilikuwa inadunda, naye anatikisa kichwa taratibu, katikati ya barabara. Nikampiga bega kwa nguvu, nikanyoosha kidole kwenye kioo cha upande wake. Akatazama. Akakata usukani kushoto, tukaingia kwenye migomba ya watu. Lori likapita likaondoka na kile kioo, likaenda kujigongesha kwenye ukingo wa udongo huko chini. Hakuna aliyekufa.

Bibi mmoja aliyekuwa amepakata mfuko wa maharage alisogea mbele. Akamwuliza mume wangu, bila hasira, "Mwanangu, honi yote ile hukuisikia?"

Mume wangu aligeuka, akamwona mtu mzima anamsemesha, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Hakuna aliyeitikia. Watu walishuka wakachukua mizigo yao, wakaanza kutembea. Bibi yule alishuka wa mwisho. Aliniangalia mimi, si yeye.

Habari ilifika stendi kabla yetu. Hakupata abiria tena. Hospitali walimpima, wakasema kilichoondoka hakitarudi, wakampa kifaa cha sikio. Anasema kinamletea kelele bila maneno. Sabufa aliing'oa mwenyewe, iko kwenye banda la kahawa.

Gari hakuliuza. Sasa anasomba ndizi kutoka Bugomora, peke yake, anasema angalau hana roho ya mtu mwingine mikononi. Nikimwambia barabarani kuna watoto wa shule, anautazama mdomo wangu mpaka nimalize, kisha anaitikia kwa kichwa. Sijui huwa ameshika nini. Leo ameondoka kabla ya chai. Mvua imeshaanza upande ule wa milima, na wanafunzi wanatoka saa nane, wakati yeye anarudi na mzigo.