Nyumba ya Gihosha Niliyoikagua

Watu wa Bujumbura wanaita fundi nyumba ikishaanguka. Kabla ya hapo, ah, kila mtu ni fundi: shemeji anajua, jirani anajua, mchungaji naye anajua. Ndiyo maana yule mama aliponipigia simu kuniomba nimkagulie nyumba kabla hajainunua, nilifurahi kupita kiasi. Alikuwa muuza vitenge, amepanga Kamenge miaka mingi, na mimi ndiye niliyemjengea kibanda chake cha biashara. Aliniambia bila kuzunguka:

"Papa fundi, mi sijui mambo ya nyumba. Chumba ya nyuma mama yangu ndiye atalala, miguu yake haitembei tena. Uniambie tu: itasimama ao apana?"

Nyumba ilikuwa Gihosha, kwenye mteremko, imepakwa rangi mpya. Rangi mpya hainidanganyi, inaniongezea hasira tu. Mimi naanzaga juu. Nikapanda darini na tochi: mbao nzima, mchwa hakuna, mabati yamepigiliwa vizuri. Nikashuka, nikafungua na kufunga kila mlango, maana mlango unaokwaruza sakafu unakuambia msingi umesogea kabla ukuta haujakuambia. Nikafungulia maji nione yanakimbilia wapi. Nikafunua shimo la choo, nikachungulia, nikatema mate. Kisha nikagonga kuta kwa mpini wa nyundo, chumba kwa chumba. Mwenye nyumba alinifuata akisifu sima yake, saruji ya bei kubwa, mpaka nikamwambia, "Tulia kidogo, bwana, nasikiliza ukuta, si wewe." Akanuna, akarudi zake uani.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikataa kufunga. Chini ya dirisha ukuta ulilia kama debe tupu. Nikakwangua rangi kwa kisu: plasta ya juzijuzi, na chini yake ufa uliomeza kidole changu cha mwisho. Nikatoka nje, nikazunguka. Hatua chache kutoka ukuta ule ardhi ilikuwa imeisha. Chini ni korongo, mizizi ya nyasi inaning'inia hewani, na maji ya paa lote yanamwagikia papo hapo. Sikuhitaji hata timazi. Jibu lake lilikuwa maneno mawili: usinunue, mama.

Nikarudi mbele na jibu langu mdomoni, nikakuta watu wamekaa. Yule muuzaji, mjanja wa mwisho, alikuwa amemwita mnunuzi na mashahidi siku ileile. Bia zimeshafunguliwa, karatasi ziko mezani.

Kwetu nyumba hainunuliwi kwa karatasi peke yake. Mashahidi wanakunywa mbele ya watu wote, na anayekunywa amekwisha kusema kwa koo lake kwamba jambo liko sawa. Asiyeridhika hagusi chupa. Halazimiki kueleza kitu. Anakaa mikono mitupu, na kila mtu anaelewa.

Upande wa muuzaji alikuwapo baba yake mdogo, mzee aliyesimamia ndoa yangu. Mzee yule ndiye aliyekuja kwangu usiku na mchana nilipotaka kumfukuza mke wangu, akanituliza, na leo nina nyumba na watoto. Aliinuka mwenyewe, akanipa chupa kwa mikono miwili.

"Mwanangu, karibu. Kunywa nasi."

Yule mama alikuwa ng'ambo ya meza, kalamu mkononi, ananitazama mimi tu. Asingeniuliza mbele ya watu, ingekuwa kumtukana muuzaji uwanjani kwake. Alikuwa anangoja aone nitafanya nini. Na mimi, pumbavu, nikajiambia: nitagusa kidogo kwa heshima ya mzee, halafu nitamvuta pembeni nimwambie. Nikameza. Nilipoishusha chupa, mama alikuwa ameinama anatia sahihi.

Nilijua alichokiona. Sitajifanya hapa kwamba sikujua. Bado ningeweza kusimama, kupiga kelele, kuvunja ile chupa. Nilimaliza bia yangu, nikapewa na ya pili.

Tulipoachana getini nilimwambia, "Mama, kule nyuma uchimbe mufereji wa maji. Usikawie."

"Ndiyo, papa. Mungu akubariki."

Mfereji! Ni kama kumwambia mgonjwa mahututi anywe chai ya tangawizi. Na aliuchimba kweli, maskini. Alinipigia kuniambia umekwisha, na kwamba mama yake anakipenda chumba, kina hewa, anasikia ndege. Nilimjibu, "Vizuri sana," nikakata simu, na siku ile sikula.

Mvua kubwa zilipokuja, jirani yake alinipigia mchana. Nilipofika, chumba cha nyuma hakikuwapo. Kulikuwa na mlango uliosimama peke yake, na baada ya mlango, korongo. Vijana walikuwa wameshampandisha yule bibi kutoka chini. Walimlaza sebuleni, wakamfunika kitenge kipya, kile cha kuuza, chenye karatasi ya kiwanda bado pembeni.

Binti yake alikuwa ameketi sakafuni, tope mpaka kifuani. Aliponiona, aliinua uso.

"Papa fundi. Ule ukuta. Siku ile ulikuwa na kitu?"

Majirani wote wakanigeukia.

"Apana, mama," nikasema. "Ulikuwa muzima. Ni hii mvua."

Akavuta pumzi ndefu. "Asante, papa. Nilikuwa naogopa ni mimi nilimununulia mama yangu kifo."

Akanishika mikono yote miwili, akanipa pole mimi, akaniambia nisijilaumu, kazi yangu niliifanya vizuri. Kisha akamwomba jirani aniletee kiti.