Sahani Tatu kwa Siku

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya chipsi yaliyotumika siku nyingi, tumbo langu linajikaza lenyewe likingojea ngumi. Ndivyo lilivyonuka bwalo la skuli yetu kule Stratford, London, majira ya baridi nilipokuwa na miaka kumi: mafuta, makoti yaliyolowa, kabichi iliyochemshwa ikavurugika. Darasani tulikuwa wawili tusiokula nyama ya pale, mimi Mzanzibari na Rosnah, Mmalei aliyekaa ghorofa ya chini yetu. Mama zetu walitukataza nyama isiyochinjwa kwa bismillahi, basi mpishi, kwa huruma zake, akatujazia chipsi na mkate, na juu yake keki yenye kastadi ya moto. Tulikula tukaramba sahani. Tukirudi, mama yake Rosnah ameamini tumeshinda na njaa, anatungojea na wali wa nazi na dagaa wa kukaanga. Nikipanda juu, mama yangu naye anaamini vilevile. Hawakutuuliza, na nani kati yetu angesema?

Mama alitoka Unguja baada ya Mapinduzi, miaka ya foleni za mchele, na hofu ya njaa alikuja nayo London. Kwake, mtoto mwembamba ni fedheha ya mamake. Nikisema nimeshiba, alinibana mashavu kwa vidole viwili mpaka mdomo ukafunguka, tonge likaingia. "Kula! Unataka watu waseme sikulishi?" Nikitema, kofi. Nilikuwa nikilia na kumeza kwa pamoja, na hiyo ni kazi, jaribu uone.

Siku moja nesi akaja kutupima. Alitupanga bwaloni, akawa anautaja uzito wa kila mmoja kwa sauti ili mwalimu aandike. Wa Rosnah uliwachekesha watoto. Wangu ulipotajwa, walinipigia makofi. Tangu hapo Karen, msichana wa darasa la juu, alitungojea na wenzake nyuma ya vyoo. Walitupiga tumboni kwa ngumi na magoti, eti wanataka kusikia ngoma inavyolia. Nilirudi nyumbani na michubuko. Mama alinivua nguo akaiona, akawaka. "Wanakuonea kwa sababu huna nguvu," akasema, akaongeza wali. Loo! Nikipigwa nalishwa, nikilishwa nanenepa, nikinenepa napigwa.

Rosnah akaacha kula kabisa. Chipsi alinisukumia mimi, wali wa mamake aliuficha kwenye soksi. Asubuhi moja Karen alimpiga goti la tumbo, Rosnah akaanguka na hakuinuka, midomo myeupe. Nilidhani amekufa. Nilimrukia Karen, nikamwangusha, nikamkalia kifuani kwa uzito wangu wote waliokuwa wakiucheka, nikamtwanga usoni mpaka damu ya pua ikanirukia shingoni. Nilimsikia akikosa pumzi na sikunyanyuka. Nilifurahi, sisemi uongo. Walinivuta walimu wawili.

Rosnah alizinduka, akapelekwa hospitali. Mama akaitwa skuli. Mwalimu mkuu alieleza, mimi nikatafsiri. Mama hakuomba radhi. "Mwambie, mtoto anayeshinda na njaa tangu asubuhi atakuwa na akili gani?" Mwalimu mkuu alishangaa, akamwita mpishi, na yule bibi akataja kwa fahari kila alichotupa: chipsi, mkate, keki, na ya kuongezea. Nilitafsiri neno kwa neno. Mama alinitazama tumbo, si uso. Njiani nilingojea kofi, halikuja. Alikaa kituo cha basi akalia mbele za watu. "Nilikuwa nakushindilia, mwanangu, na wewe umeshiba!"

Siku hizi watoto wangu wanapata nyama ya halali skuli, na hakuna anayetangaziwa uzito wake bwaloni. Mama anakaa nami Harrow. Amezeeka, amekonda, chakula hakitaki. Binti yangu ananiambia kwa Kiingereza nimwache bibi apumzike. Nimwache? Watu waseme simlishi? Jana alifumba mdomo mbele ya kijiko cha uji. "Nimeshiba, mwanangu," akasema, akaufumba tena. Kabla sijafikiri, vidole vyangu viwili vilikuwa mashavuni mwake, vinabana. Mdomo ukafunguka, kijiko kikaingia. Mama hakushindana nami. Alinitazama tu, akawa analia na kumeza kwa pamoja.